UZI: Wakili kijana wa Bulgaria aliyeingia siasa ili kumdhibiti Mwendesha Mashtaka Mkuu. Alikwama wapi?

Wakili Kinole
Wakuu, salaam.

Wiki ya pili sasa nafuatilia habari za mwanasheria mmoja wa Bulgaria, Hristo Ivanov, na kila nikizima simu mawazo yanarudi palepale. Naleta hapa tusaidiane.

Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Sofia, akafanya kazi kwenye asasi za kiraia, akiandika mapendekezo ya kurekebisha mahakama. Agosti 2014 akaitwa kwenye serikali ya mpito awe Waziri wa Sheria. Novemba mwaka huohuo Boyko Borisov akaunda serikali yake ya pili na kumbakiza. Shabaha yake kuu ilikuwa Baraza Kuu la Mahakama, chombo kinachoteua, kupandisha vyeo na kuadhibu majaji na waendesha mashtaka. Alitaka ligawanywe vyumba viwili, majaji kwao na waendesha mashtaka kwao, ili Mwendesha Mashtaka Mkuu asiwe na mkono kwenye hatima ya jaji anayesikiliza kesi zake.

Desemba 2015 bunge likapitisha mgawanyo, ila dakika za mwisho hesabu ya viti ikachezewa. Chumba cha waendesha mashtaka kikatoka na watu 11: Mkuu mwenyewe, wanne waliochaguliwa na waendesha mashtaka, mmoja na wapelelezi, watano na bunge. Piga hesabu: sita kwa watano, na hao sita wote nyumba yao ni moja. Ivanov akajiuzulu siku ileile.

Januari 2017 akaanzisha chama, Da, Bulgaria, yaani "Ndiyo, Bulgaria". Machi wakaanguka, hawakufikisha asilimia 4 za kuingia bungeni. 2020 kukawa na tukio la boti ambalo naomba wenye kulijua walieleze. 2021 akaingia bungeni. Juni 2024 kura zikaporomoka, kesho yake akaachia uongozi na ubunge, akaenda zake.

Swali: mtu anayejua sheria kiasi hicho alikwama wapi? Angebaki nje angefanya zaidi? Siulizi kupitisha muda. Nina miaka 31, ni wakili, na wazee wa kata yangu wameshanifuata mara tatu wanataka nichukue fomu.

Kisiki cha Mpingo
Naweka kambi. Ila mkuu, huyo kijana wako kazaliwa mwaka gani?

Wakili Kinole
1974. Alipopewa uwaziri alikuwa na miaka 39.

Kisiki cha Mpingo
Ujana wa siasa huo, kule ukumbini kijana ni yeyote asiyetembelea mkongojo. Haya, endeleeni.

Mama Desi
Habari zenu. Niko Sofia tangu 2009, nimeolewa huku, nitaandika niliyoyaona.

Boti ilikuwa Julai 7, 2020. Ivanov na wenzake, akiwemo Ivaylo Mirchev, walikwenda na kiboti hadi ufuko wa Rosenets, karibu na mji wa Burgas kwenye Bahari Nyeusi. Pale kuna jumba alilokuwa analitumia Ahmed Dogan, wakati ule mwenyekiti wa heshima wa DPS, chama chenye wafuasi wengi Waturuki wa Bulgaria. Watu wa huku hulitaja jumba lile kwa neno la Kituruki, saray, kasri la sultani. Wakawa wanarusha mubashara Facebook. Mimi nilikuwa jikoni nakata matango ya tarator, ile supu baridi ya mtindi, mume wangu akanipigia kelele niache kisu nije nione.

Kilichoonekana ni hiki: wanaume wachache wanashuka kwenye mawe na bendera ya Bulgaria. Wanatokea walinzi wenye nguo za kiraia, hawajitambulishi, wanawasukuma warudi majini. Ivanov hakurusha ngumi. Alikuwa anabishana nao kama vile yuko mbele ya hakimu. Katiba ya Bulgaria, kifungu cha 18, inasema ufuko wa bahari ni mali ya dola, hakuna mtu binafsi anayeweza kuumiliki. Alikwenda kukijaribu kifungu kwa miguu yake.

Kesho yake Rais Rumen Radev akatamka hadharani kwamba wale walinzi ni wa NSO, idara ya dola inayolinda viongozi. Maana yake kodi yetu ndiyo inayolipa watu wa kutuzuia tusikanyage ufuko wetu. Julai 9 waendesha mashtaka wakaingia Ikulu kupekua ofisi, washauri wawili wa rais wakakamatwa. Jioni ile uwanja ulijaa. Maandamano yalikwenda miezi. Nilibeba binti yangu mabegani, alikuwa na miaka minne, mpaka leo akisikia ngoma anauliza kama ni "ostavka". Maana yake "jiuzulu".

Karani Mstaafu
Mama Desi, ubarikiwe.

Nilikaa mahakamani miaka 34, nimeona mawakili wa kila namna. Wengi wanaijua sheria ikiwa kwenye karatasi. Huyu aliichukua akaipeleka ilipo kesi. Kuna tofauti kati ya kumwambia hakimu "ufuko umezibwa" na kumpeleka hakimu ufukweni akazibiwe mwenyewe. Kwetu tunaita kutembelea eneo la mgogoro. Ivanov aliwatembeza watu wote wa Bulgaria eneo la mgogoro kwa simu moja.

BintiShela
Hii ya ufuko imenigusa. Sitalitaja jina la hoteli. Babangu ni mvuvi. Njia tuliyopita tangu utotoni kushuka pwani ilizibwa na ukuta, akawekwa askari. Babangu akaambiwa azunguke. Kuzunguka ni dakika 40 na nyavu begani, na maji hayamngojei mtu. Tukaandika barua, tukaenda kwa chifu, tukaenda ofisi ya ardhi. Kila tulikokwenda tulipewa kiti na chai.

Sisi pia tulikuwa na simu, na tulirekodi. Waliotazama hawakuzidi ukoo wetu. Kwa hiyo mimi nasema Ivanov hakusaidiwa na sheria pale. Alisaidiwa na kuwa waziri wa zamani. Mvuvi wa Burgas angesukumwa majini asingejulikana hata jina.

Karani Mstaafu
Binti, hilo siwezi kulipinga. Pole kwa mzee.

Dogo wa Sinza
Sasa kama boti ilikuwa bao kiasi hicho, mbona hakushinda uchaguzi?

Mama Desi
Alipata, ila si sana. Muungano wao, Bulgaria ya Kidemokrasia, ulipata viti 27 kati ya 240 Aprili 2021. Julai vikawa 34. Ndiyo kilele. Septemba mwaka huo wakatokea Kiril Petkov na Asen Vasilev, wote wamesoma Harvard, walikuwa mawaziri kwenye serikali ya mpito ya Radev, wakaanzisha chama chao. Novemba wakawa wa kwanza nchi nzima, na akina Ivanov wakabaki na viti 16. Kura ni za watu walewale: wa mjini, wamesoma, wanafanya kazi za kompyuta, wana ndugu Berlin. Shamba moja, wavunaji wawili.

Haya ndiyo maelezo yangu ya kwanza kwa Wakili. Ivanov alikuwa wakili wa Sofia. Ukitoka nje ya Sofia, Plovdiv na Varna, ukiuliza Baraza Kuu la Mahakama ni nini, utaoneshwa njia ya kwenda stesheni.

MzeeSofia
Nimeusoma uzi wote kabla ya kuandika, jambo ambalo vijana hamlifanyi.

Nilifika Sofia 1988 kwa skolashipu, nikaanza na mwaka wa lugha, kisha kilimo. Niliishi Studentski Grad, mji wa mabweni. Nilikuwepo Todor Zhivkov, mtawala wa kikomunisti, alipoondolewa Novemba 10, 1989, na nilikuwepo majira ya baridi ya 1990 kuingia 1991, chakula kwa kuponi, umeme kwa zamu. Tulikuwa tunalala na makoti. Mwenzangu wa chumbani kutoka Tabora alikuwa anapasha chapati juu ya pasi, umeme ukirudi.

Kwa hiyo mnaposema wakili kijana wa Bulgaria, mimi simuoni Ivanov. Namwona Filip Dimitrov. Wakili, mzaliwa wa 1955. Ukuta ulipobomoka alikuwa kwenye chama kidogo cha Kijani. Desemba 1990 akachaguliwa kuongoza SDS, ule muungano wa wapinzani wa wakomunisti, "wabuluu". Oktoba 1991 wakashinda uchaguzi, kwa unywele: SDS viti 110, wasoshalisti 106. Na chama cha tatu, viti 24. Chama gani? DPS. Kiongozi wake? Ahmed Dogan. Huyohuyo wa jumba la Rosenets.

Dimitrov akawa Waziri Mkuu akiwa na miaka 36, mdogo kuliko wote katika historia ya nchi ile. Serikali yake ikarudisha mashamba, maduka na nyumba zilizotaifishwa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kilimo, nikaona ushirika unavyovunjwa: trekta moja, warithi kumi na moja, kila mmoja na hati ya babu yake. Haki ilikuwa yao, sibishi. Lakini ng'ombe walikufa wakati watu wanagawana zizi. Agosti 1992 Rais Zhelyu Zhelev, aliyekuwa upande wao, akawageuka hadharani. Oktoba 1992 Dogan akaondoa viti vyake 24. Serikali chini. Haikumaliza mwaka.

Sasa tazameni. Mwaka 1992 wakili wa kwanza anaangushwa na Dogan kwa viti 24. Mwaka 2020 wakili wa pili anashuka kwenye mawe ya Dogan na bendera. Miaka 28. Mawakili wanapita, mwenye zile kura za katikati yuko palepale. Tatizo halikuwa Ivanov kuwa wa mjini. Tatizo ni hesabu ya bunge ile: hakuna anayepata nusu, na daima kuna mtu kakaa katikati na fungu lake la viti, anasubiri kubishiwa hodi.

Jicho la Tatu
Mzee shikamoo. Umeandika vizuri, ila nikusahihishe kwa heshima. Dimitrov si mdogo kuliko wote katika historia. Stefan Stambolov alizaliwa 1854 na akawa Waziri Mkuu 1887. Miaka 33. Dimitrov alikuwa mdogo kwa waliokuja baada ya 1989, mpaka Zhan Videnov alipoingia 1995 akiwa na miaka 35.

Na nyongeza: Dimitrov ndiye serikali ya kwanza ya kidemokrasia kuangushwa kwa kura ya kutokuwa na imani.

MzeeSofia
Marahaba. La Stambolov nimekubali, nilisahau karne ile nyingine. La pili umekosea wewe. Dimitrov hakupigiwa kura ya kutokuwa na imani na wapinzani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliomba bunge lithibitishe imani, akanyimwa. Serikali ya kwanza kuangushwa kwa hoja ya wapinzani ni ya huyo Petkov aliyetajwa na Mama Desi, Juni 22, 2022. Wakili ukimwambia aombe kura ya imani, ataomba, akidhani kura ni hoja.

Jicho la Tatu
Moja kwa moja. Sare.

Dogo wa Sinza
Hahaha wazee wanarushiana miaka kama mawe.

Mzee, ni kweli Wabulgaria wakitikisa kichwa juu chini wanamaanisha hapana?

MzeeSofia
Kweli kabisa. Kichwa kikienda juu, hapana. Kikiyumba kushoto na kulia, ndiyo. Wiki yangu ya kwanza niliomba mkate dukani, mama akatikisa kichwa kushoto na kulia, nikatoka. Nikaingia duka la pili, vilevile. Nililala njaa katika mtaa wenye mikate.

Mama Desi
Na siku hizi wakijua wewe ni mgeni wengine wanageuza ili kukusaidia, basi ndiyo unapotea kabisa.

Kisiki cha Mpingo
Turudi kwenye mada kabla hamjaanza kupika. Naona wote mnazunguka jambo ambalo lipo wazi. Ivanov aliondoka serikalini 2015 kwa sababu ya kuchezewa hesabu. Akajijengea heshima. Akaenda Rosenets kupinga DPS. Halafu 2023 chama chake kikakaa meza moja na GERB ya Borisov kuunda serikali, na kwenye mabadiliko ya katiba kikakubali kura za DPS, safari hii mbele akiwa Delyan Peevski, mtu ambaye Marekani ilimwekea vikwazo vya ufisadi 2021 na Uingereza 2023. Unaandamana kumpinga mtu, kisha unapiga naye kura. Mpiga kura si mjinga. Mmeuliza alikwama wapi, alikwama hapo.

Mama Desi
Kisiki, nilikasirika kama wewe. Lakini kaa chini tuhesabu, kwa sababu hapa ndipo roho ya jambo ilipo.

Kubadili katiba huku kunataka robo tatu ya wabunge. Ukikosa hizo, unarudi baada ya angalau miezi miwili na unahitaji theluthi mbili, yaani kura 160 kati ya 240. Baada ya uchaguzi wa Aprili 2023 muungano wa akina Petkov na Ivanov ulikuwa na viti 64. GERB 69. Jumla 133. Pungufu ni 27. Vazrazhdane, wale wazalendo wakali, walikuwa na 37, hawakutaka hata kusikia. Wasoshalisti 23, hawatoshi hata wakija wote. DPS walikuwa na 36.

Ungefanyaje? Niambie kwa namba.

Kisiki cha Mpingo
Ningeacha. Kuna ushindi ambao bei yake ni wewe mwenyewe.

Karani Mstaafu
Ngoja niweke jambo ambalo mnalisahau, ili muone kwa nini huyu kijana hakuweza kuacha.

Desemba 2002 mwendesha mashtaka mmoja wa Bulgaria, Nikolay Kolev, alipigwa risasi Sofia na kufa. Alikuwa amemtuhumu hadharani Mwendesha Mashtaka Mkuu wa wakati ule. Kesi ikafika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg. Hukumu ikatoka Novemba 2009. Mahakama haikusema nani aliua. Ilisema kwamba kwa jinsi mfumo ulivyopangwa, hapakuwa na mtu huru wa kuweza kumchunguza Mwendesha Mashtaka Mkuu, kwa sababu kila mwenye mamlaka ya kuchunguza yuko chini yake.

Someni tena polepole. Mtu mmoja katika nchi nzima ambaye hakuna wa kumfungulia jalada. Bulgaria iliingia Umoja wa Ulaya Januari 1, 2007 na kasoro hiyo mfukoni. Njia ya kisheria ya kumchunguza ilipitishwa 2023, miaka 14 baada ya hukumu.

Mimi nilikuwa karani, nilishika majalada. Jalada lisilofunguliwa halina namba, na lisilo na namba halipotei, kwa sababu halikuwepo. Naelewa mtu akiona hilo analipa bei yoyote. Sisemi alifanya sawa. Nasema naelewa.

Wakili Kinole
Karani, hapo kwenye jalada umenigusa. Nimewahi kukaa na mteja ofisi moja mkoani toka saa mbili asubuhi mpaka saa tisa, tunaomba namba ya jalada tu. Hatukupewa. Mama wa watu alikuwa amevaa kanga ya msiba.

Kwa hiyo bei ilizaa nini? Yale mabadiliko ya 2023 yalipita?

Jicho la Tatu
Yalipita Desemba 20, 2023. Baraza likavunjwa kuwa mawili kamili, la majaji na la waendesha mashtaka, na madaraka ya Mwendesha Mashtaka Mkuu yakapunguzwa. Julai 26, 2024 Mahakama ya Katiba ikafuta sehemu zile za moyoni. Ivanov alishaondoka mwezi mmoja na nusu kabla.

Hebu mpime: alilipa heshima yake, akapata karatasi, karatasi ikachanwa.

MzeeSofia
Na mjue nani alikuwa miongoni mwa majaji wa Mahakama hiyo ya Katiba: Filip Dimitrov. Bunge lilimchagua 2015, muhula wa miaka tisa. Wakili wa 1991 kakaa juu ya meza, kazi ya wakili wa 2023 inaletwa mbele yake. Nilipoligundua nilifunga kompyuta nikatoka nje kupunga upepo.

Papa Bukavu
Jambo wandugu. Miye niko na ulizo moja tu. Huyu Peevski anatoka wapi mpaka kila mtu anamuhitaji?

Jicho la Tatu
Papa, karibu. Naye ni mwanasheria kijana! Kazaliwa 1980, kasomea sheria. 2001, akiwa na miaka 21, tayari yumo kwenye Wizara ya Uchukuzi kama katibu wa bunge. Miaka 25 naibu waziri. 2009 mbunge kwa tiketi ya DPS. Juni 14, 2013 bunge likamchagua kuongoza idara ya usalama wa taifa, na jioni ileile watu wakamiminika mitaani Sofia kwa maelfu. Uteuzi ukafutwa, ila maandamano yakaendelea na serikali ya Plamen Oresharski ikaondoka 2014. Serikali ya mpito iliyofuata ndiyo iliyomleta Ivanov uwaziri. Tuhuma za ufisadi amezikana siku zote.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi, elimu ya sheria haielezi chochote hapa. Mawakili wawili, shahada ileile. Mmoja alijiuliza sheria inasema nini, mwingine kura ziko wapi. Kinole, swali lako si "wakili aingie siasa?" Jiulize ni wakili wa aina gani bunge linaweza kukaa naye.

Mama Desi
Mna maelezo mazuri wote. Na mimi nageuka hata maelezo yangu ya kwanza, kwa sababu ya mama mkwe.

Mama mkwe anaishi Pernik, mji wa makaa ya mawe, nusu saa kutoka Sofia. Novemba 2019 bwawa la Studena lilikauka wakaanza kupewa maji kwa zamu. Alikuwa na miaka 71, ghorofa ya nne. Tulimpelekea madumu ya lita kumi kila Jumamosi. Akayapanga kwenye beseni la kuogea, kila dumu kaliandika kwa kalamu nyekundu: kupikia, choo, kunawa. Miezi ile kwenye televisheni Ivanov anaeleza habari za Mwendesha Mashtaka. Mama mkwe akaniambia, "Kijana huyu ana sura nzuri, lakini hajasema neno maji." Mume wangu akamjibu: mama, maji yamekwisha kwa sababu kuna watu walijua yanakwisha wakanyamaza, na hakuna aliyeogopa kushtakiwa. Akamwambia, "Basi mwambie aseme hivyo."

Hakusema hivyo. Nilimsikiliza miaka saba. Alikuwa anaongea sentensi ndefu, zenye milango ndani ya milango, na zote za kweli. Nilikuwa nampenda kwa hilo. Lakini mama mkwe alikuwa anabaki nje ya mlango wa kwanza.

BintiShela
Mama Desi, haya ndiyo niliyokuwa natafuta maneno yake. Babangu hataki kifungu. Ataka njia.

Karani Mstaafu
Njia bila kifungu itazibwa tena mwaka ujao, binti yangu.

BintiShela
Na kifungu kipo, mzee. Njia haipo.

Kisiki cha Mpingo
Juni 2024 waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama theluthi moja tu ya walioandikishwa. Ule ni uchaguzi wa sita tangu Aprili 2021, na Oktoba wakapiga wa saba. Saba ndani ya miaka isiyofika minne! Labda hakukwama popote. Labda watu walichoka tu na yeye akawa ndiye aliyesimama mlangoni.

MzeeSofia
Hilo nalo linakaa. Ila uchovu una mzazi wake.

Dogo wa Sinza
Samahani nje ya mada, skolashipu za Bulgaria bado zipo?

MzeeSofia
Njoo pembeni nikueleze, usiharibu uzi wa watu.

Wakili Kinole
Asanteni sana wakuu. Nimeyaandika yote kwenye daftari: mjini na vijijini, hesabu ya katikati, kupiga kura na adui, aina ya wakili, maji, uchovu. Nilikuja na swali moja naondoka na sita, na fomu zinafungwa mwezi ujao.

Linalonisumbua zaidi ni la Kisiki na Mama Desi. Nikikaa upande wa Kisiki, yule mama wa kanga hapati namba ya jalada maisha yake yote. Nikikaa upande wa Mama Desi, naweza kumpatia namba, halafu jalada likachanwa, na mimi nikawa nimeshakula sahani moja na aliyemzuia. Nimemsomea mke wangu. Kasema, "Chama chake kilikufa?" Sikujua la kumjibu.

Mama Desi
Hakikufa. Mirchev wa kwenye boti na Bozhidar Bozhanov ndio wanaokiongoza sasa. Na mwishoni mwa 2025 viwanja vilijaa tena, safari hii watoto waliozaliwa baada ya 2000, wanapinga bajeti na kulitaja jina la Peevski kwa sauti. Desemba 11 Waziri Mkuu Rosen Zhelyazkov, naye kasomea sheria, akatangaza kujiuzulu. Binti yangu sasa ana miaka tisa, alikwenda kwa miguu yake, akakataa kubebwa. Ivanov hakuwa jukwaani. Kama alikuwepo, alikuwa kati ya watu.

Jumapili ile tulikwenda Pernik. Madumu yale bado yapo, kayapanga balkoni, matupu, hataki yatupwe. Nikamuuliza kama akija tena wakili kijana wa namna ile, atampa kura. Alikuwa anamenya viazi. Akainua kichwa juu, mara moja, akashusha, akaendelea kumenya.

MzeeSofia
Juu? Basi ni hapana.

Mama Desi
Ningekuwa na hakika ningeandika hivyo. Lakini tangu nimeolewa, akiongea na mimi huwa anageuza ili nimwelewe. Siku nyingine anasahau. Sijui siku ile alinijibu Kibulgaria au alinijibu mimi.

Wakili Kinole
Mama Desi, tafadhali, ukienda Jumapili hii muulize tena, ajibu kwa mdomo. Nasubiri.